Akiba ya Novemba

Ilikufa Jumanne, saa tatu kasorobo,
kabla baba hajamaliza kahawa.
Haikulia, haikutoa moshi. Kioo kiligeuka buluu,
kikaandika mistari minne isiyomjua mtu,
kikazima. Ermete Baldoni, fundi wa kodiani,
akaipiga kofi ubavuni
kama apigavyo kodiani ya mteja mbishi,
kisha akanipigia simu Ancona:
"Delfina, hiki kisanduku chako kimeninunia."

Kisanduku changu! Na ndani yake mna miaka yake ishirini na miwili:
kila kilimi cha chuma alichokikwangua,
unene wake, sauti yake, jina la mwenye kodiani,
nani alilipa, nani alilipa kwa jibini.
Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari;
hawakusema daftari lenyewe likipotea aulizwe nani.

Nikapanda treni, mvua inachora madirisha.
Jikoni, kabati la juu, nyuma ya unga wa mahindi,
kopo la biskuti: humo ndimo nilimoagiza diski ilale
kila Ijumaa akishamaliza kunakili.
"Kila Ijumaa, baba?"
Akatazama viatu vyake.
"Karibu kila Ijumaa."
Ya mwisho ilikuwa tarehe tisa Novemba.
Tulikuwa mwisho wa Januari.

Basi tukakaa, yeye na mimi, na mstari wa kijani
unaotambaa kwenye kioo kama konokono aliyeshiba.
Asilimia nne. Nikamenya machungwa.
Asilimia kumi na moja. Akanisimulia ugomvi wa padri na mpiga kinanda.
Asilimia thelathini na nane, ikaganda hapo
muda wa kuchemsha tambi na kuzila,
wala hatukutazamana.
Saa sita usiku ikaamka, ikatusalimu,
ikaamini ni Novemba.

Akiba haiozi. Kweli. Lakini haikui pia.
Haikujua theluji iliyobomoa paa la karakana,
haikujua kodiani kumi na saba za msimu wa baridi,
haikujua kwamba bibi Ginevra Sabbatini amezikwa:
bado inamdai euro arobaini.

Na ilichokuwa nacho ilirudisha chote,
hata tulichokwisha kukitupa.
Pale pembeni, faili moja: "Kwa Tarcisio".
Barua kwa baba mdogo, kurasa tatu,
ya kugawana karakana nyundo kwa nyundo,
aliyoiandika usiku na asiipeleke,
akaifuta wiki ile waliyopatana.
(Baba mdogo Tarcisio alikuwa chini wakati huo, anakoroma
kwenye kochi. Alikuja kutushikia tochi.)

Baba akaisoma yote, midomo ikitembea.
"Aliyeandika haya," akasema, "ana mkono wangu."
Akaniomba kipanya. Akaifuta tena,
taratibu, kwa kidole kisichozoea,
halafu akauliza kama mara ya pili inahesabika.
Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Kesho nakili upya,
upate akiba isiyo nayo."
Akatikisa kichwa. Sijui ni ndiyo au ni uchovu.

Zile wiki kumi na moja hazikurudi.
Asubuhi akazipanga mezani kodiani ambazo hazijachukuliwa,
sita tu kati ya kumi na saba,
akafungua ya kwanza, akatoa kilimi,
akakipuliza kwa pumzi yake mwenyewe,
akainamisha sikio.
"Andika. Hii ya mtoto wa mwokaji.
Sauti ya chini kabisa. Nilikwangua kidogo sana, penye shina,
siku umeme ulipokatika."
Nikaandika. Akapuliza kingine.

Hizo kumi na moja nyingine zimekwenda na wenyewe,
zinapigwa huko kwenye harusi na baa,
bila daftari.