Nusu ya Jina

Mama alininunua kwenye mnada wa ufukweni,
shilingi kumi na mbili, pamoja na misumari.
Ndivyo nilivyozoea kusema nilipokuwa mtoto,
na wachimba dhahabu walicheka, wakanipa peremende.

Alichonunua ni ubao:
kifuniko cha gurudumu la kushoto la stima Leonora,
kimepinda kama mgongo wa mfua nguo,
rangi nyeupe, herufi za buluu, kila moja urefu wa mkono wangu.
Bahari ilichukua LEO.
Ikaacha NORA.
Miezi minne baadaye nikazaliwa,
na mama, asiyejua kusoma, akaenda kumuuliza dalali
pale pameandikwa nini.

Hii ni Nyuzilandi, pwani ya magharibi,
mvua hunyesha mpaka ndani ya mifuko.
Mto hushuka na magogo na maji ya barafu,
na pale unapokutana na bahari hujenga kizingiti cha mchanga,
kisha hukihamisha usiku,
kama mpangaji mwenye deni, bila kuaga.

Ripeka alijua. Yeye na kaka zake walivusha watu kwa mtumbwi
kabla hapajawa na mnara wala bendera.
Asubuhi ile alimwendea mwenye bendera, sketi imelowa hadi kiunoni,
akasema: Mlango si ule wa jana. Umehamia kusini, hatua mia tatu.
Mwenye bendera alikuwa na kitabu.
Kitabu kilikuwa na mlango wa jana.
Akapandisha: Ingieni.

Nimesimuliwa na wengi, kila mtu na Leonora yake.
Kwenye magurudumu tu ndipo wanapokubaliana:
la kulia liliuma mchanga, likachimba, likachimba,
la kushoto likainuka juu, likapiga hewa tupu
kama mtu anayepiga makofi peke yake ukumbini.
Mji mzima ulisimama kutazama. Karibu mno.
Waliona vifungo vya koti la nahodha.
Walimsikia mbuzi wa mpishi.
Mtu mmoja aliuza mikate.

Baba alikuwa chini, kwenye tanuri, akiulisha moto makaa,
kwa kuwa hakuna aliyeshuka kumwambia aache.
Digory Trembath, mtu wa Kornwali,
aliyehama migodi ya bati ili asifie gizani.
Aliruka majivu.

Siku ya nne palikuwa na mnada.
Mlango wa nahodha sasa ni mlango wa hoteli,
ukiusukuma bado unayumba.
Kengele iko kanisani.
Siagi iliuzwa nusu bei, haikuhitaji chumvi.
Mama alikuja na pesa ya sanda,
na wa kuvishwa sanda hakupatikana.
Basi akanunua ubao,
akaubeba yeye na Ripeka, tumbo likiwa mbele,
wakauegemeza ukutani nje ya dobi, ukawa paa la banda la kuku.

Hapo ndipo nilipojifunza kusoma, mvua ikinyesha,
nimechuchumaa kati ya vinyesi na manyoya:
N, na O, na R, na A.
Ndiyo maana mpaka leo kila neno nalisoma
kana kwamba limekatwa mwanzoni.

Baada ya dhoruba mama aliamka kabla yangu.
Nilidhani anaokota kuni.

Sasa reli imefika. Stima haziji tena,
kizingiti kinahamahama bila shughuli.
Mama yuko kilimani. Ripeka huja kunywa chai,
hutia sukari vijiko vinne, hukoroga muda mrefu.
Niliwahi kumuuliza ile nusu nyingine ilikwenda wapi.
“Mto ulinionyesha mlango,” alisema.
“Mbao haukunionyesha.”

Mwaka jana alikuja bwana wa makumbusho, kofia mkononi,
pauni tatu mezani, na mkokoteni nje tayari.
Nilimwambia asubiri wiki mbili.
Kulikuwa na kuku anaatamia
chini ya R.