Mtambo wa Saa Nane

Miaka ishirini na sita tumeoga mlima.
Wewe ulisema maji ni maji,
na mimi nikasugua mifereji kwa ndimu,
nikachokonoa matundu ya shawa kwa pini ya ushungi,
likizibuka hili linaziba lile,
maji yakanirukia ubavuni, yakaurukia ukuta,
kila upande ila kichwani.

Sabuni kwa maji ya Fanja haina povu, ina ugomvi.
Unasugua, unasugua, inageuka utando wa kijivu
kama maziwa yaliyokatika.
Zile shuka nyeupe za harusi ya Ghaniya
nilizianika, zikakauka, zikasimama zenyewe kama mbao:
ungeweza kuzibishia hodi.

Nilipokwambia kuna mtambo, ukauliza bei.
Nilipokwambia bei, ukauliza kama unapika.

Sasa kiti chako cha dirishani kinakaliwa na nguo za kupiga pasi,
na Ghaniya kaleta fundi bila kuniuliza.
Biju, kijana wa Kerala,
Kiarabu cha kuokoteza, Kiswahili sifuri,
tukaelewana kwa vidole.
Akafungua mtungi mrefu, akanimiminia kiganjani
shanga. Wallahi, shanga,
ndogo kama mbegu za uwatu, rangi ya kaharabu,
za kutosha viuno vya mji mzima.
Nikacheka peke yangu.
Biju akaona haya bila kujua kwa nini.

Chokaa ikipita, shanga zinaikamata,
zinaachia chumvi badala yake.
Zikishiba, zinaoshwa kwa maji ya chumvi, zinaanza upya.
Nilipoona magunia mawili yanaingia uani,
kilo ishirini na tano kila moja,
nikamwuliza Ghaniya tangu lini maji yakalainishwa kwa chumvi,
na mimi daktari kanikataza hata ya mchuzi.
Ndiyo maana mfereji mmoja wa jikoni ukaachwa nje ya mtambo,
wa kunywa,
mgumu kama ulivyoumbwa.

Siku ya kwanza nilikwama bafuni.
Sabuni kidogo tu, povu mpaka kwenye viwiko,
nikajimwagia kata baada ya kata, mwili bado unateleza,
nikadhani sijasuuzika.
Ghaniya nje ya mlango: Mama, hiyo ndiyo ngozi yako.
Ngozi yangu!
Miaka sitini na tatu, ndiyo kwanza tunajuana.

Nywele zimelala. Ukitazama glasi unamwona mtu wa upande wa pili.
Shuka zinakunjika kama zilizofunzwa adabu.
Ulikosea, Suleyum.
Nimengoja sana kukwambia.

Lakini birika lako nimelificha.
Biju alitaka kulitia siki, nikamwambia la, lile la.
Ndani mna ukoko mweupe, unene wa kucha,
tabaka juu ya tabaka, chai ya alfajiri juu ya chai ya alfajiri,
na nikilitikisa kuna kipande kimebanduka, kinagonga,
kama mtu anayekoroga sukari aliyokatazwa.

Na jambo jingine, hili sijamwambia mtu.
Mtambo hujiosha wenyewe usiku. Biju kautegesha saa nane,
wakati ambao, alionesha kwa vidole, hakuna anayetumia maji.
Hakuijua nyumba hii.
Saa nane kamili nasikia uani
tik,
kisha maji yanakimbia, yanakatika,
yanakimbia tena kidogo,
vilevile ulivyokuwa ukitawadha kwa rakaa zako za usiku,
ukidhani huniamshi.

Ghaniya anasema saa inabadilishika, iwekwe mchana.
Nimemwambia aiache.
Nageuza mto upande wa baridi,
nasikiliza mpaka kunyamaze,
halafu nasema, kwa sauti ndogo:
washa taa,
kuna magunia ya chumvi hapo mlangoni.