Swichi ya Jikoni

Daktari ameisoma karatasi mara mbili:
hakuna kirusi. Damu safi, maji ya uti wa mgongo safi.
"Mzee Mbithi, ulipona tangu Aprili ya mwaka juzi."
Baba akaitika kwa kichwa, kwa adabu,
kisha kwenye ngazi akaniuliza jina la kile kitu
cha kukazia skrubu.

Miaka thelathini na mmoja alitandaza nyaya,
Jericho, Makadara, hadi ghorofa za Donholm.
Waya mwekundu aliujua gizani kwa kidole
(hivyo alijisifu, nasi tukamwachia).
Leo bisibisi i mkononi mwake,
jina lake limehama bila notisi.

Mimi kazi yangu ni maabara, Kabete:
friza ya nyuzi themanini chini ya sifuri,
bongo za panya, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Napima jeni ipi inasema, ipi imenyamaza.
Panya aliugua, akapona, akanenepa;
miezi imepita, kirusi hakimo,
na jeni za ulinzi zingali zikipuliza filimbi,
askari wa usiku anayemkimbiza mwizi
aliyekwisha fika kwao, akaoga, akalala.
Nazo zile za kushikanisha seli na seli
zimejishusha utambi, kama koroboi
nyumba isiyo na hakika ya mafuta.

Usiniulize kama baba yuko hivyo.
Panya ni panya.
Kazini nalisema hilo kila siku. Nyumbani silisemi.

Mama ana lake.
"Unamkumbuka mpangaji wa namba nne, hapa Kayole?
Alihama usiku na deni la miezi mitatu.
Tukapaka rangi, tukabadili kufuli.
Hadi leo ukibonyeza swichi ya jikoni
inawaka taa ya choo."
Aliyekuwa airekebishe ni baba.

Jumamosi nimemkuta juu ya kigoda,
kifuniko cha swichi kaking'ata menoni,
nyaya tatu zimechomoza ukutani.
Akaugusa mmoja. "Huu," akasema,
akangoja jina lije.
Ninalo ulimini. Nalimeza.
"Huu," akasema tena, akaukaza.

Mama akawasha stima kule kwenye mita.
Taa ya choo ikawaka.
Baba ndiye aliyeanza kucheka.