Kumbukumbu za Kikao, Ukumbi wa Kaloleni

Kazi yangu ni kuandika kidogo.
Mtu husema dakika tatu,
mimi huziminya hadi zitoshe mstari mmoja:
Mwananchi alipendekeza. Mwananchi alilalamika.
Mwananchi alishukuru.

Siku hiyo rasimu ilikuwa na kurasa sitini na nne,
kanuni za uvuvi, na nyuma yake, kama mkia,
kanuni za kuwinda kware na bata.
Nakala tano kwa ukumbi mzima,
na moja kaikalia mwenyekiti
maana kiti chake kilikuwa na msumari.

Munuve wa Ruai alisimama na daftari la shule,
lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.
Jumapili kwa Jumapili, miaka tisa,
ukingoni mwa mabwawa ya majitaka
amehesabu ndege, leso puani.
"Bata domo-jekundu, mwaka juzi: mia mbili na kumi.
Mwaka huu: themanini na wanne.
Sasa leseni hizi mnazotaka kutoa
ni za kumpiga risasi bata yupi?"
Watu wakacheka. Nikaandika:
Mwananchi aliomba takwimu zizingatiwe.

Kisha Peres Adongo, muuza samaki wa Gikomba.
Itifaki hakuizingatia, wala salamu.
Alikunjua gazeti juu ya meza, juu ya rasimu yenyewe,
akaacha pale ngege mmoja
mfupi kuliko kalamu yangu.

"Huyu hajataga hata mara moja.
Nimemnunua mimi, sikatai,
nikimwacha atanunuliwa na wa kibanda cha pili.
Mama yake nilimuuza. Nyanya yake nilimuuza,
mpana kama sinia, mkia ukining'inia nje ya karai.
Leo mnakuja sokoni na rula.
Nyavu zilipoingia kwa makontena
rula ilikuwa wapi?
Mvuvi mnamfunga, mchuuzi mnamtoza,
na mwenye nyavu, nioneshe alipoketi humu ndani."

Kengele ikalia.
Hakuketi. Akanigeukia mimi,
na karani hageukiwi na mtu.
"Kijana, hebu nisomee ulichoandika."

Nikasoma. Sauti yangu mwenyewe niliionea haya:
Mwananchi alipendekeza ukubwa wa samaki uangaliwe.

"Huyo si mimi," akasema.
"Na samaki wangu umemweka wapi?"

Feni ilikuwa inakwaruza dari. Mwenyekiti alikohoa.
Nikaupiga mstari wangu mkwaju wa wino,
nikafungua ukurasa mpya,
naye akaanza tena, polepole,
kama mtu anayemtolea mtoto miiba,
nami nikafuata neno kwa neno,
karai, sinia, makontena,
kengele ikilia, ikachoka kulia.

Baadaye nilimkimbilia Munuve nje, langoni,
nikamwomba anitajie tarakimu zake upya.
Hakuuliza kwa nini. Alilowesha kidole, akafunua.

Kama kanuni ilibadilika, mimi sijui.
Karatasi zikishapanda ngazi hazituagi.
Najua ukurasa wa thelathini na moja
ulifika ghorofa ya saba ukinuka ngege,
na kwamba Jumatatu, kabla ya chai,
simu yangu iliita, na sauti fulani ikauliza
ni nani aliyeandika kumbukumbu ndefu namna hii.

Nikataja jina langu.