Kalamu ya Risasi

Mjomba Lipande alirudi Newala na risasi moja,
ile ya ndani ya kalamu.
Zile nyingine alizirudisha ghalani kwa hesabu,
akatia sahihi, akapewa nauli na blanketi.

Alichora nyuma ya fomu za posho:
upande huu maharage, chumvi, jina la mpokeaji,
upande wa pili daraja limevunjika kiuno,
buti moja juu ya jani la mgomba,
mbwa analinda nyumba isiyo na paa.
Sura hakuchora.
"Sura ni mali ya mtu. Sikuwahi kuwaomba."

Mwaka ule wa foleni za sabuni
mama alizitamani karatasi zile, afungie karanga.

Ndipo akaja Somoe Nantipi, kwa miguu, kutoka Kitangari.
Maji ya kunywa hakuyataka.
"Nasikia wenzio umewaweka kwenye makaratasi.
Nipe wangu nimwone."

Mjomba akapekua, akapekua.
"Safarini nilikuwa nyuma yake, mama.
Ninao mgongo tu."

Migongo saba kwenye tope,
mabegi, shingo zimelowa, hakuna jina.
Akaweka kidole. Hakubahatisha.
"Huyu. Bega la kushoto limelala.
Mzega huo.
Tangu ana miaka tisa anashuka bondeni kututekea,
anapanda na madebe mawili,
na aliyemtwika ni mimi."

Akanyamaza. Kisha:
"Mgeuze."

Mimi ndiye niliyeshika koroboi.
Mafuta ya taa tulipimiwa kwa kijiko,
lakini usiku ule hakuna aliyesema zima.
Mjomba alichonga kalamu kwa wembe,
akainamia karatasi, akainuka,
akachonga tena.
Jogoo la kwanza: vumbi jeusi mkekani,
karatasi nyeupe pe.

Alfajiri akataka kumkatia mgongo ule mmoja.
"Usimtenge na wenzake," mama yule akasema,
akaichukua fomu nzima, akaikunja,
maharage na chumvi kwa nje,
akaifunga kwenye pindo la khanga.

Mjomba akasimama mlangoni.
Akachukua stakabadhi ya korosho,
akaigeuza upande usio na deni,
akamchora anavyokwenda:
kisogo, mabega, mgongo,
mpaka kalamu ikamwishia vidoleni
kabla hajafika kwenye lile fundo.