Stakabadhi ya Viazi Vitatu

Mimi karani wake nasema nilichokiona,
sisemi nilichosikia. Ni yeye aliyenifunza:
"Ampiah, tetesi haziapi."

Alirudi Sekondi kutoka London
na sanduku la bati, wigi la nywele za farasi
na deni la nauli kwa mjomba wake.
Ofisi ilikuwa juu ya duka la misumari.
Mteja tulimsikia ngazini kabla ya kumwona;
wasio na pesa walipanda kwa ncha za vidole.

Ndivyo alivyopanda Abakah, fundi wa reli,
ameshtakiwa kwa kuitisha mgomo karakana.
Mkewe, Araba, alibeba viazi vikuu vitatu
na kuku, aliyenya juu ya kitabu cha sheria za ardhi.
"Andika stakabadhi," akasema Wakili Dontwi.
Nikadhani anatania.
"Andika. Viazi vitatu, kuku mmoja, imelipwa kamili.
Asiyepewa stakabadhi huhesabiwa ombaomba."
Nikaipiga kwa taipureta yetu,
ile ambayo herufi a iliruka juu ya mstari
kama panzi.

Mahakamani jasho lilimtoka chini ya wigi
likamchora mashavu.
Alimwuliza msimamizi Mwingereza swali moja, mara nne:
"Kosa lake, kwa jina, ni lipi?"
Msimamizi akapekua makaratasi, akapekua,
hata hakimu akachungulia saa yake ya mfukoni.
Abakah alibebwa juu juu mpaka stesheni,
treni zikapigishwa honi
na watoto wa misheni wakatokea madirishani.

Hapo siasa ikampata.
Hakuitafuta. Au aliitafuta
kama paka atafutavyo samaki, akitazama ukutani.
Kura, kiti barazani, hotuba mbele ya Gavana;
wigi likahamia kabatini,
ikaja kofia, likaja gari,
wakaja watu wa kumfungulia mlango wa gari.
Bendera yetu ilipopanda alilia.
Machozi ya kweli. Naliandika hilo, ni haki yake.

Mwaka wa nne wa bendera nikaletewa orodha.
Wizara ilikuwa na mashine mpya,
ila aliitaka ile kuukuu: mkono wangu, alisema, umeizoea.
Majina kumi na saba ya kwenda kizuizini.
La kumi na moja, Abakah, fundi wa reli.
Penye kosa, nafasi tupu.
"Mheshimiwa, hapa nijaze nini?"
Alikuwa akifuta miwani.
"Hapajazwi."

Nikapiga. A zake mbili zikaruka.
Nasema nilichokiona,
na mikono hii niliiona.

Araba alikuja siku ya mvua.
"Mwambie wakili wangu nipo. Mimi nilishalipa."
Nikaingia. Alisimama dirishani, mgongo kwangu.
"Mwambie niko mkutanoni."
Nikatoka, nikamwambia.

Hakupaza sauti. Akafumbua pindo la kanga yake,
akatandaza mezani karatasi mbili:
ile ya viazi, imekuwa njano kama jino,
na ile waliyomwachia askari alfajiri.
Kusoma hakujua. Lakini aliweka kidole
penye panzi wa huku, kisha penye panzi wa kule,
akaniangalia vidole.

Halafu akavuta kiti, akaketi.
"Andika stakabadhi," akasema,
"kwamba nimekuja."