Jina Juu ya Karatasi

Darasa la nne, Mtambwe, watoto sabini na wawili,
na mimi na chaki moja iliyokatika.
Nikisahihisha mtihani wa wiki
nikakuta Raya Khatib wawili.
Majibu yaleyale, kosa lilelile swali la saba;
hata doa la wino kalichora.

Nikacheka, tena mbele ya watu.
Mize Shaame akainamia dawati
akafuta kitu kisichokuwapo.

Kumbe mwana alinakili kila alama
asijue lipi swali, lipi jina la mtu.
Miaka minne! Kimya chake tukikiita adabu.

Msimu wa karafuu nikamkuta uani kwa Ngwali, anachambua.
Mpimaji kasema pishi nne na nusu.
"Tano kasorobo," kasema Mize,
macho hakuyainua kwenye vikonyo.
Wakapima tena.
Tano kasorobo.

Usiku ule usingizi ulinipiga chenga.

Siku hizi saa saba, wenzake wakishatoka,
tunakaa sakafuni, mimi, yeye na kikapu.
Tunazipanga karafuu mbichi: panda, shuka,
panda, shuka.
Hiyo M.
"Inanukia," anasema,
na mimi miaka yote hiyo naiandika tu.

Jana kanipa karatasi yake.
Maswali kumi, kapata matatu.
Juu kabisa, herufi zimetawanyika
kama kuku waliofukuzwa jikoni:
M i z e.
Makosa saba. Nimeyahesabu mara mbili.
Yote yake mwenyewe.